Kufufua Honda CG125 Iliyoliwa na Kutu: Kuanzia Kadi Mpaka Kiki ya Kwanza

Zunguka nyuma ya ofisi ya zamani ya kilimo, zahanati au misheni yoyote, hutakosa kuikuta pikipiki ya zamani imeegemea ukuta. Tanki limeiva kutu, sponji ya siti iko nje, tairi zimelala, na nyigu wamejenga ndani ya ekzosi. Kwa kawaida safari yake inayofuata ni kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu. Kama ni Honda CG125, isimamishe hapo hapo kwanza.

CG125 ilitoka mwaka 1976. Honda waliiunda wakiwa na nchi kama zetu akilini, ambako pikipiki hubebeshwa kupita uwezo na oili hubadilishwa mwenyewe akikumbuka. Kwa hiyo injini haina cheni ya taimingi ya kulegea wala kukatika. Kamshafti imekaa chini, inazungushwa na gia, na valvu zinafunguliwa kwa pushirodi. Baadaye Wachina wakaichukua ramani hiyo, na mpaka leo pikipiki nyingi za bei nafuu zinazobeba abiria mitaani kwetu zina injini ya ukoo huo, iwe ya 125 au 150. Spea nyingi za ndani za pikipiki yako kongwe basi ziko duka la bodaboda la jirani, na zisipokuwepo zipo Kariakoo, au Kirinyaga Road kwa walio Nairobi.

Hapo ndipo hesabu yote ya kazi hii inapoanzia. Kuna vitu dukani havipo: kadi, fremu iliyonyooka, tanki lenye umbo lake na keisi za injini zisizo na ufa. Hivyo viokoe kwa gharama yoyote. Beringi, sili, cheni, kebo, ringi, nyaya na taa ni vya kununua, usivibembeleze. Ukikutana na mtu aliyefilisika kwa kufufua pikipiki, mara nyingi alifanya kinyume: alihangaika wiki nzima na sproketi iliyolika huku fremu ikiwa imepinda.

Kadi kabla ya spana

Usilipe hata shilingi kabla hujasoma namba ya chesi kwa macho yako. Kwenye CG imegongwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia. Namba ya injini iko kwenye keisi. Kutu ikiwa imezifunika, paka mafuta ya taa, subiri, kisha sugua kwa brashi laini ya waya. Usipeleke grainda hapo kabisa. Namba iliyokwanguliwa, hata kama umeikwangua wewe kwa nia njema, itakuletea maswali polisi.

Linganisha na kadi. Kwa Tanzania usajili na ubadilishaji wa umiliki uko TRA. Kenya uko NTSA. Pikipiki nyingi za aina hii zilikuwa za serikali au za miradi ya wafadhili, zile zenye namba za DFP, zikauzwa kwenye mnada. Hapo usikubali maneno ya "niliinunua mnadani", dai risiti na barua ya mnada, na uhakikishe mnyororo haukatiki kutoka ofisi hiyo mpaka kwa huyu anayekuuzia. Kama mwenye kadi amefariki, msimamizi wa mirathi ndiye wa kusaini, si mtoto aliyeachiwa funguo. Kadi ikiwa haipo kabisa na hakuna anayeweza kuitafuta, nunua kama spea, kwa bei ya spea, na usiwe na ndoto ya kuiendesha barabarani.

Kuikagua ikiwa bado ya mwenyewe

Kutu ina madaraja. Ile ya juu, nyekundu, inayotoka kwa kidole, haina shida. Inayotisha ni ile inayovimba na kubanduka tabaka kwa tabaka. Chukua bisibisi, gonga kwa mpini wake fremu yote: chuma kizima kinalia, chuma kilichooza kinatoa sauti butu. Gonga zaidi chini ya betri, kwa sababu tindikali humwagikia hapo miaka yote. Gonga pia bomba la chini linaloshika injini, na mahali shokapu za nyuma zinapofungwa. Kwa walio Tanga, Bagamoyo, Mombasa au Unguja, ongezea sehemu ya ndani ya mkono wa nyuma (ule unaoshika gurudumu la nyuma), maana upepo wa chumvi huanzia ndani ya bomba na nje utaona rangi nzuri tu.

Simama nyuma, funga jicho moja, angalia kama gurudumu la nyuma na la mbele yako mstari mmoja. Zungusha usukani pole pole. Ukikwama kidogo katikati, beringi za shingo zimejichimbia, nazo ni za kubadilisha tu. Chungulia tanki kwa tochi. Kisha tafuta ufa kwenye keisi za injini, hasa karibu na sproketi ya mbele, kwa kuwa cheni ikikatika hujikunja pale na kuipasua. Keisi iliyopasuka ndiyo sababu pekee ya injini inayoweza kunifanya niondoke. Injini iliyokwama hainiogopeshi, na wewe itumie kushushia bei.

Kufumua

Piga picha kila kitu kabla ya kugusa nati, hasa njia za nyaya na kebo, na mpangilio wa washa. Kata chupa za maji za plastiki, ziandike kwa maka peni: "breki mbele", "kava la klachi", "kabureta". Kila bolti irudi kwenye tundu lake au kwenye chupa yake. Bolti za makava zina urefu tofauti. Ukiweka ndefu penye fupi, utatoboa keisi uliyotoka kuinunua kwa sababu ilikuwa nzima.

Bisibisi unayoijua itakuharibia kazi. Skrubu za Kijapani zina alama ya jumlisha inayofanana na ya kawaida, lakini mfereji wake una umbo lake, wa kiwango cha JIS, na ncha ya kawaida haifiki chini, hivyo huruka na kula kichwa. Tafuta ncha za JIS, au chonga kidogo ncha ya bisibisi yako ili izame. Bora zaidi ni bisibisi ya kugonga, ile inayozunguka ukiipiga nyundo. Bila hiyo, makava ya CG yaliyokaa miaka hayafunguki kistaarabu.

Kwa nati zilizogandana, nyunyiza mafuta ya kupenyeza siku moja kabla, rudia jioni. Mchanganyiko wa nusu oili ya gia otomatiki na nusu asetoni unafanya kazi nzuri na ni rahisi. Tikisa kila unapotumia kwa kuwa hujitenga, na weka mbali na moto. Kabla ya kulegeza, kaza kidogo kwanza, mpaka usikie kile kimlio kikavu cha kutu kuachia. Ikigoma, pasha moto nati, si bolti. Stadi za ekzosi kwenye silinda hedi zipe heshima ya pekee: zikikatikia ndani ya aluminiamu, utamlipa fundi lezi azitoboe na kutengeneza nyuzi upya.

Injini iliyokwama

Usipige kiki. Kiki juu ya pistoni iliyoganda huvunja meno ya gia ya kiki, ukabaki na matatizo mawili.

Toa plagi, mimina ndani ya silinda dizeli au ile oili ya gia otomatiki, kama vijiko vitano vya chakula, rudisha plagi kwa mkono, acha siku kadhaa. Kisha ingiza gia kubwa kabisa, toa plagi, shika gurudumu la nyuma na ulisukume mbele na nyuma, kidogo kidogo. Unatafuta milimita moja ya uhai. Ukiipata, ongeza dizeli, endelea kesho. Usibanwe na haraka. Pistoni ya kulazimishwa huvuruga ringi na kuchana silinda.

Ikikataa kabisa, vua hedi. Kwenye injini hii ni kazi ya saa moja: kava la rokaroka, rokaroka zenyewe, pushirodi (weka alama ipi ya ingizo na ipi ya ekzosi), kisha nati za hedi kwa mpangilio wa msalaba, robo mzunguko kila moja. Weka kipande cha mbao ngumu juu ya pistoni, gonga kwa nyundo ya wastani. Mbao, si chuma.

Silinda ikishatoka, pima. Saizi ya kiwandani ni milimita 56.5 kwa mwendo wa milimita 49.5. Kama huna kipimo cha ndani, ingiza ringi peke yake, isawazishe kwa kuisukuma na kichwa cha pistoni, kisha pima mwanya kati ya ncha zake kwa fila geji, vile visahani vyembamba vya kupimia mianya. Ukizidi nusu milimita, silinda au ringi zimekwisha. Pitisha kucha ukutani kutoka juu kwenda chini. Mkwaruzo unaonasa kucha hautoki kwa msasa. Peleka kwa fundi lezi achonge, na nunua pistoni kabla ya kuchonga, umpe mkononi, achonge kwa kuipima hiyo. Pistoni za ziada, yaani kubwa kuliko ya kiwandani, huja kwa hatua za robo milimita, kuanzia 0.25 hadi 1.00. Anza na ndogo inayotosha, ili silinda ibaki na maisha ya mbele.

Hapa kuna kishawishi. Muuza spea atakwambia weka silinda ya CG150, utapata nguvu zaidi. Ni kweli ile ya milimita 62 kwa mwendo ule ule inakupa cc 149, lakini shingo yake, ile inayozama ndani ya keisi, haikuundwa kwa keisi ya 125, na usijipe matumaini kwamba itaingia bila keisi kuchongwa. Keisi ndiyo tuliyosema haiuzwi. Achana naye.

Shika konrodi kwa vidole viwili, ivute juu na chini. Ikitikisika upande kwa upande ni kawaida. Ikicheza juu na chini, hata kidogo, beringi ya chini imekufa. Nunua krenki nzima au peleka kwa mwenye mashine ya kukandamiza abadilishe konrodi. Angalia pia nyuso zinazokanyaga kamshafti. CG ina jino moja tu la kamu linaloendesha valvu zote mbili, kwa hiyo likichimbika, valvu zote huumia. Uso ukiwa na vishimo, badilisha kamu na vikanyagio vyake pamoja.

Valvu zipime kwa mafuta ya taa: pindua hedi, mimina kwenye tundu la ingizo, kisha la ekzosi, subiri dakika chache. Ikivuja kuelekea kwenye uso wa valvu, saga kwa pesti ya kusagia valvu mpaka uone duara la kijivu lisilokatika, kisha osha pesti yote itoke kabla ya kufunga.

Halafu fungua kava la upande wa klachi. Mwishoni mwa krenki kuna chujio la mzunguko, kama kikombe chenye kifuniko. Injini hii haina chujio la karatasi. Uchafu unatupwa ukutani mwa kile kikombe kwa nguvu ya mzunguko na kukaa humo. Kwenye pikipiki iliyotelekezwa utakuta umegeuka udongo mgumu, mweusi, wa kukwangua kwa kijiti cha mbao. Ukifungua ukakuta umejaa mpaka mdomoni, umeshajua kwa nini konrodi inacheza. Safisha hiki pamoja na chujio la neti la oili, kwa petroli na brashi ya rangi. Mafundi wengi wa mtaani hawajawahi kulifungua, na ni kazi ya dakika ishirini.

Rudisha na gasketi seti nzima na sili mpya zote. Mwanya wa valvu ni milimita 0.08 kwa zote mbili, injini ikiwa baridi, alama ya T kwenye gurudumu la magneto ikiwa imelingana na alama ya keisi, na rokaroka zote mbili zikiwa na mchezo kidogo. Zikiwa zimebana, uko kwenye mzunguko usio sahihi; zungusha mara moja zaidi.

Tanki

Tanki ndilo watu wanaloharibu zaidi, kwa hiyo nenda taratibu.

Kwanza, onyo. Tanki lililowahi kuwa na petroli, hata kama limekauka miaka kumi, lina mvuke uliojificha kwenye kutu na kwenye mishono. Usilipelekee moto wa gesi wala welding. Tundu likiwepo, lioshe mara nyingi kwa maji ya moto na sabuni, kisha mpelekee fundi rejeta, ambaye amezoea kuziba kwa risasi na shaba na anajua kulijaza maji mpaka karibu na tundu kabla ya kuanza.

Kutoa kutu ndani, toa koki na boya la geji kama lipo, ziba matundu kwa mpira na bati. Ingiza kipande cha cheni ya baiskeli, ukiifunga ncha moja kwa waya ili uweze kuivuta. Watu hutia nati na kokoto, kisha wanatumia siku nzima kuzitoa. Weka maji kidogo na sabuni, lifunge tanki kwenye blanketi, litikise pande zote. Mwaga, rudia mpaka maji yatoke bila vipande.

Kinachobaki kiondoe kwa kemia. Kwa kutu ya wastani natumia asidi ya sitriki, ule unga mweupe wa maduka ya vifaa vya keki na juisi: gramu 50 kwa lita ya maji ya uvuguvugu, tanki lijae mpaka mdomoni, likae usiku mzima, uchungulie asubuhi. Siki inafanya kazi hiyo hiyo ila polepole. Maji ya betri usiyaguse. Yanatoa kutu, ndiyo, na yanakula chuma chembamba kilichobaki.

Kutu nzito inataka umeme. Jaza tanki maji yenye soda ya kufulia, kijiko cha chakula kwa lita. Magadi ya kupikia ni ndugu yake kikemia na yanaweza kusaidia, lakini yana chumvi na mchanga, kwa hiyo ni ya kukosa jingine. Ning'iniza nondo ya chuma cha kawaida katikati ya mdomo wa tanki, ikishikwa na kipande cha mpira ili isiguse tanki popote. Chaja ya betri ya volti 12: chanya kwenye nondo, hasi kwenye tanki. Ukigeuza, tanki ndilo litakaloliwa. Nondo isiwe ya chuma kisichoshika kutu, kwani hutoa sumu ya kromu kwenye maji. Gesi inayotoka ni haidrojeni, inalipuka, kwa hiyo fanya nje, hakuna sigara, na zima chaja kwenye swichi ya ukutani kabla ya kuondoa klipu. Kila baada ya saa kadhaa toa nondo, kwangua utando, rudisha.

Ukimaliza kwa njia yoyote, kasi ndiyo itakayokuokoa. Chuma kilicho uchi na majimaji kinashika kutu tena mbele ya macho yako, kwa dakika. Suuza, pitisha maji yenye bikaboneti ya kupikia kuua asidi, suuza tena, kisha kausha papo hapo kwa upepo wa kompresa. Likishakuwa kavu kabisa, mimina nusu lita ya petroli iliyochanganywa na oili ya 2T, lizungushe lote, acha humo humo. Baadaye weka chujio dogo la plastiki kwenye mpira wa mafuta, kwa sababu chembe zitaendelea kushuka.

Fremu na rangi

Kama mjini kwenu kuna mtu wa kupiga mchanga kwa upepo, mpe fremu, mkono wa nyuma na mabano yote, ukiwa umeziba shingo, nyuzi na namba ya chesi. Kama hayupo, ni brashi ya waya kwenye grainda, miwani, na jasho. Ongeza dawa ya kugeuza kutu kwenye kona zisizofikika.

Chomelea kila kinachohitaji kuchomelewa sasa, si baada ya rangi. Futa kwa thina, usiguse tena kwa mkono mtupu, piga praima ya epoksi siku hiyo hiyo. Msasa unapanda hivi: 80 kwa kutu, 240 kabla ya fila, 400 juu ya praima, 800 kabla ya rangi ya mwisho kwa tanki. Fremu haihitaji mbwembwe hizo, 400 inatosha. Usipige rangi asubuhi yenye umande au siku ya mvua za masika. Unyevu hujifungia ndani na rangi hupoteza mng'ao. Rangi za kuchanganya na hadina zina sumu inayoingia kwa pumzi, kitambaa cha puani hakisaidii, vaa maski yenye vichujio vya kemikali au mwachie fundi rangi mwenye chumba chake.

Rangi ikikauka, mimina oili kidogo ndani ya mabomba ya fremu na uigeuze geuze. Kwa watu wa pwani hatua hii ina thamani kuliko koti la tatu la rangi. Nikeli iliyopauka isugue kwa karatasi ya aluminiamu ya jikoni iliyochovywa majini. Vidoa vya juu vinaondoka. Iliyobanduka haina dawa, na madigadi mapya ni rahisi kuliko kutafuta mtu wa kupaka kromu.

Kabureta na umeme

Kwa kabureta, chemsha akili kabla ya kuibadilisha. Ile ya asili ni Keihin na ikisafishwa vizuri hushinda mpya nyingi za dukani. Fungua bakuli, toa boya, toa jeti zote mbili, zipenyeze kwa uzi mmoja wa waya wa shaba, kamwe usitumie sindano ya chuma, kisha piga upepo kila njia. Skrubu ya hewa ifunge mpaka mwisho kwa upole, ifungue mzunguko mmoja na nusu, uanzie hapo. Ikiwa mwili umeliwa, PZ26 ya Kichina ndiyo mbadala wa 125. Usipewe PZ27, hiyo ni ya 150.

CG za mwanzo ni za volti 6 na platini, yaani swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke. Platini ikiwa safi na mwanya wake milimita 0.3 hadi 0.4, injini inawaka bila malalamiko. Taa yake tu ndiyo itakayokufanya uishi kama enzi za kibatari, na kwa barabara zetu za usiku nashauri kuhamia volti 12 na CDI, kisanduku cha elektroniki kinachochukua kazi ya platini, kwa spea za ukoo wa CG. Badilisha kundi zima kwa pamoja: koili za magneto, gurudumu lake, CDI, koili ya plagi, regyuleta, betri, balbu zote, honi, flasha. Nenda dukani na gurudumu la zamani mkononi ulinganishe tundu la katikati na mfereji wa ufunguo, maana si kila la Kichina linakaa kwenye krenki yako. Kulitoa tumia pula yake. Nyundo huvunja sumaku.

Nyaya za zamani zitupe zote, suka upya, na ufuate rangi za Honda ili fundi atakayekuja baada yako asikulaani: kijani ni ethi, nyekundu inatoka betri, nyeusi ni umeme baada ya swichi, rangi ya chungwa indiketa ya kushoto, bluu ya mbingu ya kulia, kijani chenye mstari wa njano taa ya breki, buluu fulu laiti, nyeupe ya chini. Ethi ifunge kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Nusu ya "matatizo ya umeme" kwenye pikipiki zilizopakwa rangi mpya ni rangi yenyewe imezuia ethi.

Magurudumu na breki

Spoku zikiwa na kutu, mpelekee fundi wa kusuka rimu, abadilishe zote na anyooshe. Tairi na tyubu mpya hata kama za zamani zina kashata. Mpira wa miaka kumi umekufa. Beringi za magurudumu ni bei ya soda chache, weka mpya zenye vifuniko vya mpira. Breki za ngoma: vumbi lake lifute kwa kitambaa kilicholowa, usilipulize, huenda lina asbesto. Bitana ikibaki milimita mbili, badilisha. Shokapu za mbele mwaga mafuta ya zamani, yatatoka kijivu yananuka samaki, weka sili mpya. Mabomba yenye vishimo vya kutu pale sili inapopita yatakata sili mpya ndani ya mwezi, kwa hiyo yapeleke kupakwa kromu ngumu au nunua mengine. Cheni ni ya namba 428, nunua pamoja na sproketi zote mbili.

Kuigeuza

Msimamo wangu: iendeshe kwanza ikiwa ya kiwandani. Ukiibadilisha na kuifufua kwa wakati mmoja, ikigoma hutajua kama ni injini ya zamani au wazo lako jipya.

Kwa barabara za vumbi, mabadiliko yanayolipa ni machache. Usukani mpana ulioinuka. Tairi zenye meno, za upana ule ule au hatua moja juu, baada ya kupima nafasi kwenye mkono wa nyuma na kwenye cheni. Digadi ya mbele iinuliwe, kwa kuwa udongo wa mfinyanzi ukijaza ile ya chini gurudumu husimama. Sproketi ya mbele ipungue jino moja: kwa 15 dhidi ya 42 unatoka uwiano wa 2.8 kwenda 3.0, yaani nguvu ya mlima inaongezeka kama asilimia saba, na mwendo wa juu unapungua kwa kiasi kinachokaribia hicho. Jino moja mbele ni kama matatu nyuma, na ni rahisi zaidi. Shokapu za nyuma ndefu zisizidi sentimita mbili au tatu juu ya za asili, vinginevyo cheni inakwaruza mkono na stendi inakuwa fupi.

Ukitaka siti fupi ya mtindo wa mjini, kumbuka bomba la nyuma ya fremu ndilo linaloshika sehemu za juu za shokapu. Kata nyuma ya hapo tu, na ufunge ncha kwa bomba lililopindwa, lenye unene ule ule, likiingizwa kipande cha ndani kabla ya kuchomelea. Shingo ya fremu usiiguse. Ukichomelea chochote, chomoa betri na CDI. Ekzosi wazi sipendekezi: inapunguza nguvu ya chini ambayo ndiyo sifa ya injini hii, inachoma kwa hewa nyingi, na askari atakusikia kabla hajakuona. Ukibadilisha rangi au injini, peleka taarifa TRA kadi irekebishwe.

Kuwasha na kilomita za mwanzo

Weka oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, 20W-50 au 10W-40, kama lita 0.9. Klachi ya CG inaogelea kwenye oili hiyo hiyo, na baadhi ya oili za gari huifanya iteleze. Plagi ni NGK D8EA, mwanya 0.6 hadi 0.7. Kabla ya cheche, plagi ikiwa nje, piga kiki taratibu mara nyingi ili oili ipande juu, kisha fungua kava la rokaroka uone kama imelowa. Pasipolowa, usiwashe.

Usitumie tanki siku ya kwanza. Ning'iniza chupa ya petroli safi juu ya kabureta. Ikiwaka, sikiliza dakika mbili, zima, acha ipoe, pima tena mwanya wa valvu. Moshi wa bluu mwanzoni ni oili uliyopaka wakati wa kufunga, utakwisha. Ukiendelea baada ya dakika kumi, ringi zimepinduliwa au sili ya valvu haikukaa.

Kwa kilomita 500 usivute mafuta mpaka mwisho wala usiiburuze kwa gia kubwa mwendo mdogo. Badilisha badilisha kasi, na usibebe mtu. Mwaga oili ya kwanza mapema, karibu kilomita 100, uichuje kwenye kitambaa cheupe: vumbi la fedha ni ringi zinajikalisha, vipande vya kushikika kwa vidole ni sababu ya kufungua tena. Wakati oili inachuruzika, kaza tena nati za hedi injini ikiwa baridi, spoku, bolti za injini kwenye fremu, na nati ya ekzosi, ambayo hulegea kila mara.